Umbali wa Dokta Kutoka Sakafuni

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi mama wa usafi alikuwa akipiga deki korido ya ghorofa ya tatu, ghorofa ya juu kabisa ya taasisi, na alipofika chumbani kwa Dokta hakumwomba anyanyue miguu kama alivyowaomba wengine wote. Miguu ilikuwa imeshanyanyuka. Dokta alikuwa amesimama kando ya kabati la mafaili akisoma simu, na kati ya soli za viatu vyake na sakafu palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Mama wa usafi alipitisha tambara chini yake, kwenda na kurudi, akalikamua ndooni, akahamia chumba kilichofuata.

Chumba hicho kilikuwa cha Mama Majedwali. Hakuwa na mtoto wa jina hilo, wala mtoto yeyote. Aliitwa hivyo kwa sababu kwa miaka kumi na moja majedwali yote ya taasisi yalipitia mikononi mwake, ya mahindi, ya mbolea, ya umeme, ya karo za shule, na hakuna aliyejua kuyapanga kama yeye. Alinyanyua miguu yake mwenyewe akaishikilia juu, mapaja yakitetemeka, mpaka tambara lilipopita.

"Mwenzako simsumbui tena," mama wa usafi akasema. "Keshapanda."

"Kapanda kiasi gani?"

"Vidole vitatu. Tuseme vitatu na nusu."

Mama Majedwali akashusha miguu kwenye sakafu mbichi kabla haijakauka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na asubuhi nzima hakufungua jedwali hata moja.

Kupanda hakukuwa jambo geni pale. Mtafiti aliponukuliwa na mtu mwingine, iwe katika ripoti, makala au hotuba, alipanda juu kwa unene wa penseli, akabaki hukohuko. Hakuelea ovyo. Alisimama imara, akatembea, akashuka ngazi na kuzipanda, ila hakugusa chini. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa juu kwa shubiri mbili tangu ujana wake, kwa ajili ya kitabu kuhusu ushuru wa forodha ambacho kila mtu alikinukuu na hakuna aliyekimaliza. Mchumi wa kilimo alikuwa na vidole viwili. Yule wa kodi alikuwa na kidole kimoja, na aliamini kwamba cha pili alinyimwa kwa fitina. Wahasibu, madereva, na wadadisi wanaozunguka na madodoso nyumba kwa nyumba walikuwa chini, wala hakuna aliyetarajia wawe kwingine.

Mama Majedwali naye alikuwa chini. Hilo lilimla roho, na lilimla zaidi kwa kuwa ripoti iliyompandisha Dokta aliijua kuliko Dokta mwenyewe.

Swali la ripoti hiyo lilikuja kutoka kwa wafadhili likiwa limeshaandikwa. Walitaka kujua mkulima wa mahindi anapata bei nzuri kwa nani, kwenye maghala ya serikali au kwa wafanyabiashara. Pamoja na swali zilikuja hadidu za rejea, muda wa miezi sita, na sharti kwamba matokeo yatolewe kwa muhtasari wa sera wa kurasa nne. Si tatu, si tano. Waheshimiwa hawasomi zaidi ya kurasa nne, wafadhili walisema, na pengine hapo walisema kweli.

Dokta aliandika dibaji na mapendekezo. Mama Majedwali alikwenda vijijini na wadadisi, akakaa wiki saba. Aliona jinsi ghala linavyonunua kwa mizani, kilo kwa kilo, na jinsi mfanyabiashara anavyonunua kwa gunia. Na gunia la mfanyabiashara si gunia la watu wa mjini. Linashindiliwa kwa mti mpaka linakuwa gumu, kisha mdomoni linashonewa kipande cha gunia jingine, nacho kinajazwa mahindi mpaka juu. Wakulima wanakiita kofia. Gunia lenye kofia lina kilo mia moja na arobaini. Mama Majedwali hakuambiwa hilo na mtu. Alipima magunia thelathini kwenye mizani ya ghala lililosimamiwa na kaka yake mkubwa. Kaka alisoma uzito kwa sauti, yeye akaandika, na mwisho wa karatasi kaka akatia sahihi yake ya mpimaji.

Lakini dodoso liliuliza, "Uliuza magunia mangapi?" na kompyuta ya taasisi ilijua gunia la aina moja tu, la kilo mia. Kwa hesabu hiyo, mfanyabiashara aliyelipa elfu sitini kwa gunia alionekana analipa mia sita kwa kilo, na ghala la serikali, lililolipa mia tano, likaonekana linawapunja wakulima. Ukweli ulikuwa kinyume chake. Ukizihesabu kilo zilizomo ndani ya kofia, mfanyabiashara hakufika hata mia nne na thelathini. Mama Majedwali alilieleza hilo katika tanbihi, chini ya jedwali la sita, kwa herufi ndogo na sentensi moja.

Sentensi hiyo ilisukuma mstari mmoja ukaangukia ukurasa wa tano.

"Tuiache," Dokta alimwambia. "Ni mstari tu. Tutaurudisha kwenye ripoti ndefu."

"Ripoti ndefu inatoka lini?"

"Ikipata mfadhili. Halafu usihofu, jina lako linakaa kwenye jalada, chini ya langu. Nimeshaongea na Mkurugenzi."

Akakubali. Mtu ambaye hajakaa miaka kumi na moja akipanga majedwali ya wengine bila jina lake kuonekana popote, huyo na amcheke. Siku ya uzinduzi, katika ukumbi wenye zulia zito na chupa ndogondogo za maji, aliipokea nakala yake akaigeuza mbele na nyuma. Jaladani palikuwa na jina la Dokta peke yake. La kwake alilitafuta mpaka kwenye shukrani, akakuta maneno "na wengine wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine".

"Mchapaji kakosea," Dokta akasema, na alisikitika kweli, kwa muda wote aliokuwa akisubiri zamu yake ya kupigwa picha.

Tangu siku ile Mama Majedwali akawa na desturi mpya. Saa kumi na moja jioni, wenzake walipokuwa wakifunga madirisha, alifunga mlango, akavua viatu, akajaribu kupitisha karatasi chini ya unyayo wake. Karatasi ilikwama. Akajaribu unyayo wa pili. Mchana alipita mlangoni kwa Dokta mara saba kwa kisingizio cha kutafuta mashine ya kubania karatasi, na kila mara aliangalia chini kabla ya kuangalia uso. Dokta hakujua ni lini alivuka vidole vinne. Mama Majedwali alijua: ilikuwa Alhamisi, kabla ya chai.

Kisha ikaja hotuba ya bajeti. Watumishi wote walikusanyika mapokezi mbele ya televisheni, na Waziri aliposoma sentensi nzima kutoka kwenye muhtasari na kumtaja aliyeiandika, Dokta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipanda shubiri nzima kwa mkupuo mmoja, maana nukuu ya Waziri haipimwi kwa penseli, na paji lake likagonga kizingiti.

"Pole, Dokta," wakamwambia.

"Nimeshapoa," akajibu, akijipapasa, na meno yote yalikuwa nje.

Wiki hiyo seremala alikuja kukata kizingiti cha chumba chake na kuongeza miguu ya kiti na ya meza. Fomu ya kuombea mbao ilihitaji sahihi ya shahidi, na shahidi wa karibu alikuwa Mama Majedwali. Akatia sahihi. Fundi viatu wa nje ya geti alilalamika kwamba amepoteza mteja, maana soli za Dokta hazikuchakaa tena, na pindo la suruali yake halikushika vumbi hata siku za upepo. Mama Majedwali aliyaonea wivu yote hayo. Alizionea wivu soli, akalionea wivu pindo, akakionea wivu hata kile kizingiti kilichokatwa, kwa sababu yeye alipita chini ya vizingiti vyote vya jengo lile bila kuinama.

Baada ya mwezi mmoja wizara ilifunga maghala ya wilaya moja kwa majaribio. Ilikuwa wilaya ya kwao. Kaka yake alipiga simu saa saba mchana, yeye akiwa na kijiko mkononi.

"Mdogo wangu, wamelifunga."

"Wamefunga nini?"

"Ghala. Wamekuja watu watatu na gari, wana kijitabu chenu mkononi. Nimekiona kwa macho yangu, kurasa nne. Mizani wameibeba."

"Pole sana, kaka."

"Mimi pole yangu ndogo, mimi nitalima. Lakini watu huku wanateseka. Gunia sasa lina kofia mbili."

"Mbili?"

"Moja juu ya nyingine. Mizani haipo, utabishana naye kwa kitu gani? Sasa mimi nauliza, si tuliyapima yale magunia, mimi na wewe? Mbona kwenye kijitabu hayamo?"

"Nitalishughulikia, kaka."

"Lishughulikie. Kabla hawajafunga ya nchi nzima."

Ilimuuma. Alimfahamu kaka yake, anavyopenda kuifuta ile mizani kwa kitambaa kila jioni, anavyowafahamu wakulima kwa majina na kwa punda wao. Lakini nisifiche kitu: ndani ya uchungu ule kulikuwa na furaha iliyokuwa ikimtekenya. Dokta alikuwa amekosea, na ushahidi wa kosa lake ulikuwa drooni kwa Mama Majedwali, magunia thelathini yenye sahihi ya mpimaji. Akiutoa hadharani, nani hatamnukuu? Alikaa akahesabu penseli kichwani mpaka chakula kikapoa.

Kwa wiki tatu aliandika makala akaiita "Kilo Ngapi Ndani ya Gunia?" Aliandika vizuri, bila matusi, kila jambo na jedwali lake. Ilibidi amtaje Dokta mara thelathini na moja, maana huwezi kumsahihisha mtu bila kusema ni nani na alisema nini. Makala ilitoka Jumanne katika jarida la taasisi. Kufika saa nne asubuhi Dokta alikuwa amepanda penseli thelathini na moja, na nyayo zake zilikuwa usawa wa kiti.

Alikuja mwenyewe kushukuru, shingo ameikunja chini ya dari.

"Mwenzangu, nimeisoma makala yako. Ina nguvu sana."

"Nimesema umekosea."

"Na umesema vizuri. Mijadala ndiyo uhai wa kazi yetu hii. Unajua hapa nilipo naona mpaka kituo cha mafuta?"

Mama Majedwali akaangalia viatu vilivyokuwa usawa wa kiti chake.

Wachumi wa taasisi nyingine nao wakaingia. Wapo waliomtetea Dokta, wapo waliompinga, na wote wakaliita jambo lenyewe "Mjadala wa Dokta". Kila makala ilianza na jina lake. Walioafiki kwamba gunia lina kofia walimnukuu yeye kwa kuwa ndiye aliyesema halina. Makala ya Mama Majedwali ilinukuliwa mara moja tu katika mwaka ule, na aliyeinukuu akaiandika kwa jina la bwana wa maktaba, ghorofa ya kwanza, ambaye jina lake lilikuwa kwenye ukurasa huohuo wa jarida kama msambazaji. Yule bwana alipanda penseli moja akiwa anapanga magazeti. Alikuja juu kuomba radhi.

"Sikuomba mimi," akasema. "Ningejua namna ya kuirudisha, ningekurudishia."

"Kaa nayo tu," Mama Majedwali akamjibu, na mlango alioufunga ulisikika mpaka mapokezi.

Dari la chumba cha Dokta lilitobolewa mwezi uliofuata, na paa baada ya hapo. Seremala na fundi wa vioo walimjengea kijumba cha kioo juu ya paa kwa ajili ya kichwa na mabega, wakampandishia meza kwenye jukwaa la mabomba. Mafaili yalimfikia kwa kapu na kamba. Hakwenda tena vijijini, kwa kuwa hakuna gari lililomtosha, lakini alisema haoni hasara, maana siku ikiwa safi aliviona vijiji vyenyewe, na kila aliponukuliwa aliona kimoja zaidi. Mama Majedwali aliacha kula kwenye meza ya uani kwa sababu kutoka pale kijumba kilionekana. Ofisini, kila alipopita mlango ule ulio wazi, alikutana na zile soli, safi kama siku zilipotoka dukani, na roho ya kwanini ikamwingia upya kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Ndipo wizara ikaamua kufunga maghala ya nchi nzima. Kongamano liliitishwa, na kwa ajili ya kongamano likahitajika toleo la pili la muhtasari. Mtu wa wizarani alimpigia Mkurugenzi kumwambia kuna maneno yanasemwa kuhusu magunia. Mkurugenzi akamwita Mama Majedwali.

"Nimesikia una vipimo," akasema kutoka kwenye kiti chake kirefu.

"Ninavyo. Magunia thelathini."

"Sina shaka navyo. Nataka tu uione shida yangu. Tukibadilisha kipimo sasa hivi, takwimu za mwaka huu hazitalinganishika na za mwaka jana. Mfadhili atauliza."

"Takwimu za mwaka jana zina makosa."

"Zina makosa, ndiyo. Lakini zinalinganishika."

Kisha akamweleza njia mbili. Kwenye kongamano zitatengwa dakika kumi na tano za maswali. Mama Majedwali anaweza kusimama aseme yote mbele ya Waziri, na hakuna atakayemzuia wala kumwajibisha. Au jina lake liingie kwenye jalada la toleo la pili, herufi zilezile za Dokta, na gunia libaki kuwa gunia.

"Zamani niliambiwa hivyohivyo," akasema Mama Majedwali.

"Safari hii utaliangalia jalada mwenyewe kabla halijachapwa."

Aliomba muda mpaka saa nane. Alizunguka uani, akasimama karibu na tangi la maji. Alimfikiria kaka yake na alimfikiria kwa dhati. Alikumbuka sauti yake akisoma mizani, kilo mia moja thelathini na nane, kilo mia moja arobaini na mbili, andika, mdogo wangu. Akazifikiria zile dakika kumi na tano. Angesimama. Waziri angetikisa kichwa, pengine hata angeahirisha, pengine maghala yangebaki, hilo liliwezekana kabisa. Magazeti ya kesho yangeandika kwamba Mjadala wa Dokta umepamba moto. Dokta angepanda tena. Na yeye Jumatatu angenyanyua miguu apitishiwe tambara.

Akaangalia juu. Ndani ya kioo Dokta alikuwa akiongea na simu na kucheka, ametupa kichwa nyuma, jua lote likiwa lake. Sitamtafutia Mama Majedwali udhuru wa kuogopa kufukuzwa, kwa sababu hakuna aliyemtisha, wala wa shida, kwa sababu mshahara wake ulimtosha. Ulikuwa wivu tu. Saa nane kasoro dakika tano alirudi ndani akatia sahihi, na wiki iliyofuata alilisahihisha jalada mara tatu.

Kongamanoni alikaa safu ya tatu. Waziri alipowataja waandishi wawili wa toleo la pili, Mama Majedwali alihisi kiti kikimwacha. Kila mzungumzaji aliyepanda jukwaani alimtaja tena, naye akapanda tena, penseli kwa penseli, mpaka waliokaa nyuma wakamwomba ainamishe kichwa. Zilipofika dakika za maswali, kipaza sauti kilipitishwa mkono kwa mkono. Kilimfikia. Alikishika, kilikuwa na joto la mikono ya watu, akampa aliyekuwa kulia kwake. Yule akauliza kama mada zitatumwa kwa barua pepe. Baadaye alikwenda chooni akasimama mbele ya kioo, akateremsha karatasi chini ya unyayo. Ilipita bila kugusa kitu. Alilia kwa furaha, machozi ya kweli, na ukimwuliza hata leo atakwambia siku ile haijapata mfano maishani mwake.

Maghala yote yalifungwa kabla ya mavuno.

Kaka yake alikuja mwezi wa mavuno, siku ya Alhamisi, akiwa amevaa shati la kwendea mjini na barua mfukoni. Mlinzi alimwelekeza ngazi. Alimkuta dada yake amekaa kwenye kiti kipya kirefu, mbele ya meza iliyoongezwa miguu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akainua uso kumtazama. "Umekuwa juu."

"Ni kazi tu. Kaa, kaka. Chai?"

"Chai baadaye. Nimetumwa." Akaitoa barua, ilikuwa na majina mengi na alama za vidole gumba. "Wanasema wewe ni wa kwetu, na magunia tuliyapima pamoja, utawasemea. Kofia zimefika tatu. Gunia likisimama linanifika hapa." Akagusa kidevu. "Na bei ni ileile, elfu sitini."

"Maamuzi ni ya wizara, kaka. Sisi tunashauri tu."

"Basi washauri."

Mama Majedwali akapanga kalamu zake.

"Nikuulize kitu kimoja, na usinifiche," kaka akasema. "Siku unatia jina lako pale mbele, ulilikumbuka hilo la kofia?"

"Nililikumbuka."

Kaka alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akisoma mizani isiyotulia. Hakufoka. Aliangalia dirisha, akaangalia miguu ya dada yake, akaangalia tena dirisha.

"Hapo ulipo unaona mpaka kwetu?"

"Mimi bado. Dokta ndiye anaona."

"Leo siku ya soko. Hebu mwulize anaona nini."

Mama Majedwali akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha pili, akapaza sauti kuelekea kwenye paa. Akamweleza Dokta kwamba kaka yake amekuja kutoka kijijini na anauliza kama soko lao linaonekana.

"Naliona vizuri kabisa!" sauti ya Dokta ikashuka, changamfu. "Watu tele! Magunia yamesimama safu kwa safu, uwanja mzima. Mwambie biashara imechangamka."

"Mwulize yana kofia ngapi," kaka akasema nyuma yake.

"Dokta, yana kofia ngapi?"

Kule juu alikuwa akiangalia kwa makini, maana ni mtu anayeiheshimu kazi yake.

"Kutoka huku sioni vimo," akasema. "Naona midomo tu, mviringo, mviringo. Yote yanatoshana."

Kaka akasimama. Alitaka kuiweka barua juu ya meza, meza ikawa juu mno, akajinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka akaifikisha ukingoni. Chai hakuisubiri, alisema gari la mwisho la kwao linaondoka saa tisa. Mama Majedwali alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamwambia awasalimie wote, naye akasema zitafika.

Kisha akarudi kusimama dirishani kwake. Aliona paa la kibanda cha mlinzi na kipande cha barabara, akamwona kaka yake akikivuka kile kipande na kupotea. Juu yake Dokta alikuwa bado anasimulia, hata bila kuulizwa: sasa wanafika wanunuzi, sasa malori yanapiga kinyumenyume, sasa wanaanza kupakia, yanapendeza kweli. Mama Majedwali alisikiliza kila neno, na wivu ukamchoma kuliko siku zote, kwa sababu pale alipofika yeye halikuonekana hata gunia moja.